Hatua Kumi na Mbili Tulizokosa Kamina

Tulitoka Mulongo kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua wote: timu ya wasichana ya chuo chetu cha ualimu iliitwa kucheza mpira wa kikapu na timu ya chuo kimoja cha Kamina, na timu itakayoshinda ingepandishwa treni hadi Lubumbashi kucheza na vyuo vya huko. Sababu ya pili ilikuwa ya Numbi, nahodha wetu na rafiki yangu. Mama yake anaishi Lubumbashi. Mwaka ule watu wenye silaha walipopita vijijini kwetu, mama alikimbilia upande mmoja, na Numbi akakimbia na bibi yake upande mwingine. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa ana ishirini. Wanasikilizana kwenye simu, lakini hawajaonana tena. Nauli ya njia ndefu namna ile haijawahi kupatikana katika nyumba ya bibi.

Mimi ni Ngoie. Nilimaliza sekondari kwa kuchelewa, baada ya kusimama mara mbili, na chuoni bado niko mwaka wa kwanza. Najulikana kwa mdomo. Nikiona moshi jikoni kwa watu, nasema chakula kimeiva. Juma moja kabla ya safari niliichukua simu mkononi mwa Numbi, nikamwambia mama yake apike, mtoto wake anafika. Mama alicheka sana, kisha akaniuliza taratibu kama ni kweli.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Tutabapiga. Weye tengeneza kitanda tu."

Hakuna aliyenituma kusema hivyo.

Kwa msomaji asiyefika kwetu nieleze tulikojifunzia mchezo. Nyuma ya chuo kuna sakafu ya saruji ambako mama zetu huanika mihogo, na hakuna saruji nyingine kubwa kama hiyo Mulongo nzima. Kocha wetu, mwalimu Banza, anayefundisha hesabu, alisimamisha mlingoti kila upande na kufunga pete za chuma. Mchana sakafu ni ya mihogo. Jioni, mama wakishaanua, ni yetu. Mpira wetu huwa mweupe kwa unga, na sisi tunarudi nyumbani tumepakaa kama tuliotoka kwenye kinu. Kwa ajili ya mechi hii, Mama Kyungu, mkubwa wa mama wanaoanika, alihamishia mihogo yake juu ya mikeka kwa majuma mawili, ili tufanye mazoezi tangu mchana. Mbuzi walikula sehemu yake nzuri. Hakulalamika. Alituambia tu twende tulete ushindi.

Jumatatu asubuhi, bandarini Mulongo. Tulikuwa tisa: wachezaji wanane na kocha. Bibi yake Numbi alikuja na furushi la samaki waliokaushwa kwa moshi, amelifunga kwa majani na kamba ya nyavu, mafundo mengi kama anafunga mlango. Lilikuwa la binti yake wa Lubumbashi. Numbi aliliweka mapajani na hakuliacha tena, hata boti la mota lilipoanza kupanda mto na maji kuturukia. Vipande vya matete vilivyong'oka vilitupita vikishuka, na ndege wamesimama juu yake kama abiria waliolipa. Niliwaonyesha wenzangu, tukacheka. Wakati ule kila kitu kilituchekesha.

Malemba-Nkulu tulifika jioni, tukalala kwenye uwanja wa kanisa, na Jumanne kocha akatupatia nafasi kwenye lori la samaki na mahindi linalokwenda Kamina. Tulikaa juu ya magunia. Kwenye kizuizi kimoja askari aliuliza tunabeba nini. Kocha akamwonyesha mpira. Askari akaudundisha chini. Ukaanguka kwenye vumbi na kukaa hapohapo kama kuku mgonjwa. Akaurudisha, akasema, "Na huu njo munaenda nao kushinda?" Akatufungulia njia akicheka.

Jumatano asubuhi tulipita kijiji ambacho kuta za nyumba zake zimesimama bila paa, na miti imeota ndani ya vyumba. Wote tulinyamaza. Numbi alikishika kile kifurushi kwa mikono miwili. Mimi sivumilii kimya, nikaanza kumsimulia Lubumbashi ambayo sijawahi kuiona: treni inaingia, mama yuko mbele ya watu wote, amevaa kitambaa kipya, nyumbani bukari, yaani ugali, iko mezani, na sombe ya majani ya mihogo, na kitanda kimetandikwa. Nilisimulia mpaka akatabasamu. Akaniuliza, "Na atanijua?" Nikamwambia atamjua kwa mwendo, maana anatembea kama bibi yake. Niliyatoa kichwani tu, lakini niliona yamemfaa.

Kamina tulifika Jumatano jioni, nywele zetu nyekundu kwa vumbi. Tuligawanywa katika nyumba za watu. Kocha na wachezaji sita walipokelewa na familia moja ya Wametodisti karibu na kanisa lao, mimi na Numbi tukapelekwa kwa Mama Ntumba, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye nyumba yake haiko mbali na reli. Watu wake ni wa Kasai. Alikuwa mtoto mdogo mwaka ule watu wa kwao walipofukuzwa huku, na aliishi na wazazi wake kwenye kituo cha treni wakingoja behewa la kuwachukua. Alirudi Kamina akiwa mke wa mtu. Alituambia hayo huku akituosha vumbi mgongoni kama watoto wake, na alipofika kwenye kituo cha treni akabadilisha habari na kuuliza kama tunakula pilipili.

Alhamisi Numbi aliamka mapema, akaniomba twende kuona reli. Aliinama akagusa chuma. Mama Ntumba alikuwa nyuma yetu na ndoo.

"Mama, reli hii njo inafika Lubumbashi?"

"Njo hii. Ukiifuata tu, haipotei."

Numbi alisimama pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu siku kwa vidole: Ijumaa kushinda, Jumamosi kupanda treni.

Siku hiyo hatukufanya mazoezi, kwa sababu uwanja ulijaa viti vya kwaya. Tuliuona kwa mbali tu, wa saruji laini, mistari yake ya rangi ya njano. Lakini kocha aliingia peke yake. Nilimwona anatembea pembeni ya viti, kutoka kikapu hiki hadi kile, taratibu, midomo ikicheza. Aliporudi tulimuuliza uwanja ukoje. Akasema, "Ni uwanja kama uwanja," na akatutuma tupumzike. Nilidhani alikuwa anasali.

Ijumaa, saa tisa mchana, mechi. Wasichana wa Kamina walipoingia, nilitafuta neno la kuwachekesha wenzangu, sikulipata. Walikuwa warefu, ndiyo, lakini urefu si kitu cha ajabu. Ajabu ilikuwa miguu yao. Walikuwa wanaruka kabla ya mchezo, kwa raha zao tu, na kila mmoja alikaa hewani muda wa mtu kusema jina lake. Namba tisa wao, anayeitwa Mwadi, aligusa pete kwa kiganja, akashuka anaongea na mwenzake kama aliyetoka kufungua dirisha.

Hata hivyo tulianza vizuri, na naomba mlijue hilo. Mchezo wetu ni wa kupeana haraka, mkono kwa mkono, maana tuna mikono ya watu waliokua wakipiga kafi mtoni. Dakika za kwanza tuliwatangulia kwa vikapu viwili. Mama Ntumba alisimama juu ya kiti.

Kisha miguu yangu ikanisaliti. Nilipata mpira, mbele hapakuwa na mtu, nikakimbia ninavyokimbia kila siku, nikasimama, nikarusha. Mpira ulianguka chini mbali na kikapu, haukugusa hata chuma. Nilidhani ni jasho mikononi. Mara ya pili ikawa vilevile. Dada mmoja wa kwetu akatoa mpira mrefu kwa Numbi, ukafia katikati, wakauokota. Miguu yetu ilikuwa inasimama pale ilipozoea kusimama, na kikapu kilikuwa bado mbele. Wao walikimbia sehemu hiyo iliyobaki kama haipo. Tulipowafuata, tulifika pumzi zimekwisha, na pale chini ya pete walikuwa tayari hewani, wanachukua mpira juu ya vichwa vyetu kama mtu anayemchumia mtoto papai.

Watu wa Kamina waliona kabla yetu. Mmoja akapaza sauti, "Mubapatie kafi, labda batafika!" Uwanja mzima ukacheka. Tangu hapo kila mmoja wetu alipokimbia na mpira, walituimbia kafi, kafi.

Numbi hakuacha. Wengine tulianza kutembea. Yeye alikimbia peke yake, kwenda na kurudi, mpaka midomo yake ikawa myeupe bila unga wa mihogo. Dakika ya mwisho alifika mpaka chini ya kikapu, akaruka kwa nguvu zote alizobaki nazo, na Mwadi akautoa mpira mikononi mwake kwa upole kabisa, bila kumgusa. Upole huo uliniumiza kuliko kelele zote. Walitupiga arobaini na tisa kwa ishirini na mbili.

Numbi alibaki amekaa kwenye saruji. Mwadi alirudi, akampa mkono, akamwinua.

"Dada, weye hauchoke? Kwenu munachezea wapi?"

"Ku sakafu ya mihogo."

Mwadi hakucheka. Akauliza sakafu hiyo ina urefu gani. Tukatazamana, hakuna aliyejua. Ndipo Numbi akaenda kwenye mstari wa njano, akatembea mpaka mwisho akihesabu kwa sauti. Hatua thelathini na tano. Akamgeukia kocha, na sisi sote tukamgeukia.

Mwalimu Banza alikuwa anakusanya jezi zetu, anazikunja moja moja. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Yetu iko makumi mbili na tatu."

"Ulijua tangu lini?" Numbi akamuuliza.

"Tangu siku nilisimamisha milingoti. Nilisema nikibaambia, mutachoka mbele ya kuanza. Nilisema labda moyo utajaza." Akakunja jezi nyingine. "Moyo ulijaza robo ya kwanza. Munisamehe, bana bangu."

Hakuna aliyemjibu vibaya. Kumkasirikia sikuweza. Na mimi nilikuwa na hatua zangu nilizozificha, na mtu wa Lubumbashi alikuwa anatandika kitanda juu ya hatua hizo.

Jioni kwa Mama Ntumba chakula kilipoa. Numbi alilala na nguo za mchezo, ameukumbatia ule mzigo wa samaki. Mama Ntumba aliniita uani, akaniuliza ni nani aliyemwahidi mama yake.

"Ni minyi," nikasema.

"Basi umupigie simu."

Nikamwambia labda kesho kutwa, labda tukifika Malemba, labda kwanza nitafute maneno mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye kile kituo cha treni, akasema, "Ku gare tulingoja behewa majuma mengi. Kila asubuhi kulikuwa muntu mumoja mwenye kusema: leo njo linafika. Alikuwa muntu muzuri, alitupenda. Mpaka leo siwezi kumusamehe." Akaingia ndani.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilipiga. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na watu wengi, mikokoteni, mtu anaita majina.

"Ngoie? Niko ku gare," akasema, anahema kwa furaha. "Nilikuya kuuliza siku treni yenu itaingia. Mwenye kazi ananiambia ningoje."

Maneno niliyoyapanga yote yalikimbia.

"Mama, tulipigwa," nikasema. "Tulipigwa sana. Numbi hakuyi. Nilikudanganya siku ile, sikujua kama tutashinda. Unisamehe."

Nilisikia mikokoteni tu.

"Kitanda nilikuwa nimeisha kutengeneza," akasema mwishowe. Kisha, "Anakula?"

"Jana hakukula."

"Umuambie akule."

Nilipogeuka Numbi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakutaka simu. Alisema akisikia ile sauti hataweza kupanda lori. Aliosha uso, akachukua kifurushi, akatoka, nami nikamfuata mpaka kituoni. Timu ya Kamina ilikuwa pale na mabegi yao, inangoja kupanda. Numbi alimtafuta Mwadi, akamwekea kile kifurushi mikononi.

"Mama yangu atakuwa ku gare kule. Ni muntu mufupi, anatembea sawa minyi. Umupatie."

Mwadi alikinusa, akaangalia yale mafundo ya bibi, akauliza jina la mama tu. Aliliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, nami nikampigia mama tena kumwambia aingoje treni ile. Treni ilipoanza kusogea alikitoa kichwa chake dirishani, na kwa urefu ule tulimwona mpaka mbali sana. Nilitamani kumwambia Numbi neno. Mara ya kwanza maishani mwangu nililimeza.

Jumapili tulipanda lori kurudi. Mama Ntumba alitufungia mihogo ya kuchemsha na akamkalisha Numbi mbele yake mpaka amalize kipande kizima, kwa sababu mama yake amesema ale. Njia ilikuwa ileile, kizuizi kilekile, askari yuleyule. Alitazama nyuso zetu na hakuuliza. Alituambia tu dereva aende polepole, kuna matope mbele.

Jumatano, baada ya siku tatu za matope, tulifika Malemba-Nkulu, na simu ya Numbi ilipata mtandao na kulia hapohapo. Safari hii aliipokea mwenyewe. Alisimama mbali na sisi, mgongo kwetu, na alipomaliza alikuja akakaa karibu nami juu ya boti lililopinduliwa.

"Mwadi alifika," akasema. "Mama anasema alitelemuka mwisho, anabeba samaki ku kichwa. Anasema alimuangalia kwanza viatu, juu ya vile alikuwa murefu sana. Kiisha alimushika. Anasema, nilimushika mutoto wa bantu kama ni weye, akaniacha nimushike."

"Na kitanda?"

"Mwadi alilala pale siku moja. Walipika bukari."

Ndipo akalia. Sikumwambia nyamaza. Tulikaa hivyo mpaka mota ikawashwa.

Mulongo tulifika Alhamisi mchana. Mihogo ilikuwa imeanikwa sakafu nzima, ukingo hadi ukingo, na Mama Kyungu na wenzake wanaigeuza kwa mikono. Walisimama wote. Mama Kyungu akauliza kama tumeleta. Wenzangu walinitazama mimi, kama kawaida, kwa sababu mimi ndiye mwenye maneno.

"Tulipigwa, mama," nikasema. "Arobaini na tisa kwa ishirini na mbili. Bale banakimbia na kuruka kuliko sisi. Na sakafu yetu iko mufupi."

Mama Kyungu aliitazama sakafu yake kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ni kilema. "Mufupi namna gani?"

Numbi alivua viatu. Alianza kwenye mlingoti wa kwanza, akapita katikati ya mihogo kwa vidole, mama wakimsogezea njia, akihesabu. Ishirini na tatu, ukingo wa saruji. Hakusimama. Alishuka kwenye majani, ishirini na nne, ishirini na tano, akipita mikeka, akipita jiwe la kunolea majembe, mpaka thelathini na tano, karibu kabisa na kichuguu. Akachomeka kijiti. Kilikuwa mbali. Kutoka hapo mlingoti wa kwanza ulionekana mwembamba kama uzi. Kocha alikwenda akasimama karibu na kile kijiti, mikono nyuma, akakitazama.

Safari hii imenifundisha nini, mtaniuliza. Kwamba kuna watu wanaoruka kuliko sisi, hilo limeandikwa kwenye matokeo. La kwangu mimi liko katika zile hatua kumi na mbili za majani. Nilizitazama nikaona mawe, visiki, na mvua inayokuja. Neno zuri lilinifika mdomoni, lile la mwaka ujao, la treni na kitanda. Numbi aliniangalia, analingoja.

Sikulisema. Nilikwenda kwa Mama Kyungu kuazima jembe.